Mtungi wa Kioo

Enzi za ruksa, maduka ya Dodoma yalipojaa bidhaa za nje, nilinunua tangi la kioo la kufugia samaki, pampu ya hewa, chujio, taa na changarawe. Kila kitu, isipokuwa maji! Bomba letu lilikuwa likikohoa upepo tu, nikayasomba kwa baiskeli kutoka Msalato, nikayaacha yatulie kabla ya kuleta samaki.

Niliporudi kutoka kazini nilimkuta mama mkwe, mgeni wetu kutoka Haneti, akichota humo kwa kopo. Tangi limebaki nusu. Damu ilinichemka, lakini mkwe hagombezwi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mtungi wenu huu mzuri! Maji yakikaribia kuisha unayaona, unachukua baiskeli mapema."