Teke Lisilo na Mpigaji

Nilipokuwa mtoto, niliamini kwamba mpunga una wenyewe, na kwamba wenyewe hao hupiga watu mateke. Bibi ndiye aliyeniambia. Kila masika nusu ya Ifakara huhamia bondeni, nasi tulihamia. Mama alishinda dunguni, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya maji, akiamia ndege wasile mpunga, miguu ameikunja, debe mkononi, hadi mavuno. Siku ya kurudi mjini, kila aliyeshuka dunguni alimwagiwa mchele mpya nyuma ya visigino, kisha akatembea taratibu mpaka mwezi mwingine uandame. Akirukaruka kabla, alisema bibi, wenye bonde humfuata nyuma na kumkata mguu kwa teke.

Mwaka ule tulirudi siku ya harusi ya mama mdogo, mtaa wa Viwanja Sitini. Bibi alitupokea na ungo wa mchele, lakini mama alikuwa ameshaisikia ngoma.

"Mchele baadaye, mama! Mdogo wangu anaolewa mara moja tu."

"Usiruke, wewe. Ardhi imekauka, nawe umetoka kukaa dunguni miezi mizima."

"Basi nitacheza kwa mabega!"

Wanawake wakacheka. Alianza kwa mabega kweli. Ngoma ikapanda, naye akapanda nayo. Alipokita mguu ili aruke nikasikia pa! kama ukuni mkavu unavunjwa. Mama akageuka kwa hasira.

"Nani kanipiga teke?"

Nyuma yake nilikuwapo mimi tu, mbali kidogo, mikono imejaa pilau. Akajaribu kupiga hatua, mguu ukakataa, akakaa vumbini. Bibi alipiga magoti, akagusa juu ya kisigino, na kidole chake kikazama palipokuwa na mshipa mgumu. Nilimtazama nikingoja aseme dawa.

"Nilisema," alinong'ona. "Jamani, nilisema."

Aliyejua kitakachokuja hakujua la kufanya kilipofika.

Mguu ulifungwa plasta, ukapona nusu. Masika iliyofuata mama alibaki mlangoni akitutazama tukienda bondeni.

Nilipokua, mtaalamu wa viungo alinieleza: kano ya kisigino iliyokaa muda mrefu bila kazi, ikitakiwa kuruka ghafla juu ya ardhi ngumu, huweza kukatika, na mtu huhisi amepigwa kwa nyuma. Huwaona wengi, alisema, mvua zinapokatika. Nilikuwa kama namsikia bibi kwa sauti ya mtu mwingine.

Mwaka huu mdogo wangu Neema ameshuka dunguni, na timu yake ya netiboli inamngoja. Nimemweleza yote. Anacheka, anafunga kamba za raba.

"Kaka, mimi si mama."

Mama, kitini mlangoni, ananisogezea ungo wa mchele. Nami naumwaga mchele nyuma ya visigino vya mdogo wangu, punje kwa punje, ili asimame japo kidogo zaidi.