Treni ya Polepole ya Alhamisi

Fundi hajapanda treni hata siku moja maishani mwake, lakini ukitaka kusafiri kwa treni katika nchi anayoishi binti yake, wa kumwona ni yeye. Hili si jambo la kubishana. Waliobisha walipigwa faini.

Kazi yake ni kushona sare za shule na kupunguza suruali za watu wazima walionunua bila kujipima. Chumba chake cha kazi ni cha tatu katika safu ya maduka. Ndani mna cherehani ya miguu, meza ya kukatia, na msumari ukutani uliotundikiwa daftari la vipimo. Ukurasa wa mbele wa daftari unaanza na mabega, viuno na urefu wa miguu ya watoto wa mtaa mzima. Ligeuze, uanzie nyuma, utakuta treni. Ameandika kwa kalamu nyekundu: tiketi ya kununua mapema ni nafuu, lakini imefungwa kwa treni moja na saa moja, ukichelewa imekufa. Tiketi ya wazi ni ghali, unapanda yoyote siku hiyo. Ya siku nzima inaanza baada ya saa tatu asubuhi. Kitabu cha safari kumi, gonga kwanza kwenye mashine ikupigie muhuri kabla hujapanda. Hayo maneno "gonga kwanza" ameyapigia mistari mitatu, kwa sababu mwaka wake wa kwanza kule binti yake hakugonga, akashushwa mbele za watu, na mama mtu huku nyumbani akaumwa tumbo siku mbili kwa aibu.

Basi kijana akipata chuo kule, au mtu akialikwa na ndugu yake, lazima apite kwa Fundi. Anakalishwa kwenye kigoda, anaulizwa anafika saa ngapi, ana mizigo mingapi, ana umri gani, maana waliovuka sitini wana kadi yao ya kupunguziwa. Kisha Fundi anampimia safari kama anavyompimia suruali, taratibu, bila kubahatisha. Jirani yake anayeuza vifungo na zipu, mwanamke asiyeweza kunyamaza hata akiumwa jino, ndiye aliyembatiza Stesheni Masta, na jina likashika.

"Stesheni Masta, abiria wako huyo," husema kila mteja akitokea.

Watu walicheka, naye akacheka nao. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mama wa miaka sitini na mmoja alijisumbua kujua mambo yote hayo ya nchi asiyoikanyaga. Jibu lenyewe halikuwa la kuchekesha. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa kule mwaka wa kumi na moja, akifanya kazi katika maabara ya hospitali. Simu alizopiga akiwa nyumbani zilikuwa za salamu tu: mtoto analia, sufuria inachemka, mume anatafuta funguo. Lakini kila Alhamisi alipangiwa kazi katika hospitali ya mji wa pili, na jioni alirudi kwa treni. Ndani ya treni alikuwa peke yake, amekaa, mikono haina kazi. Hapo ndipo alipompigia mama yake.

Treni ile ilikuwa ya polepole. Ilisimama vituo kumi na kimoja na ilichukua dakika hamsini na tano. Fundi alifunga mlango wa mbele, akavuta kiti hadi dirishani ambako simu ilishika vizuri, wakasafiri pamoja. Alijua daraja lilipo. Alijua handaki ambamo sauti ilikatika mpaka uhesabu ishirini, na kituo ambacho wanafunzi walipanda na kelele zao. Mpaka kituo cha saba walizungumza habari za watu: nani kaoa, nani kahama, kitambaa kimepanda bei kiasi gani. Mazungumzo yenyewe yalianza baada ya hapo. Ilikuwa baada ya kituo cha saba binti aliposema kwamba mimba ya kwanza imeharibika. Ilikuwa baada ya kituo cha saba aliposema kuna siku anatoka kazini hakuna mtu aliyemwita kwa jina tangu asubuhi. Na mama naye, palepale, alikiri kwamba bado anapika chakula cha watu wawili, na kinachobaki anampa muuza vifungo akisingizia kwamba leo amezidisha kipimo.

Halafu, miezi minane iliyopita, binti alisema kama mtu anayetaja habari za mvua, "Mama, nimepata tiketi ya mwezi kazini, ya treni ya haraka. Nitakuwa nafika mapema."

"Vizuri, mwanangu," alisema Fundi. "Hongera."

Treni ya haraka ilisimama vituo viwili tu na ilichukua dakika ishirini na tano. Kwa kipimo cha zamani, waliagana kila Alhamisi kabla hata ya kituo cha sita. Fundi akailaumu tiketi. Kama tiketi ya polepole haikuruhusu kupanda treni ya haraka, na hilo alilijua vizuri, basi ya haraka nayo ilikuwa na treni yake, kila nguo na mwili wake. Sasa mtoto afanyeje? Amepewa na mwajiri, atapanda alichopewa. Kwa maneno hayo alijituliza miezi minane, na hayakumtuliza sana. Alikuwa na hamu na binti yake, hamu ya kuuma. Alitaka ile sauti ya baada ya kituo cha saba, iliyolegea, ya mtu anayeongea akiwa amelala chali.

Aliyekuja kuvuruga mambo ni mwalimu mmoja mstaafu wa jiografia. Miezi miwili nyuma alikaa kwenye kigoda akapewa somo zima, akaenda kumtembelea mdogo wake kule, na sasa alikuwa amerudi na suruali tatu za kupunguza. Aliingia nyuma ya pazia, akatoka amevaa ya kwanza, miguu imemezwa na kitambaa.

"Fundi, sikupigwa faini hata moja," alisema. "Nimegonga tiketi mpaka mashine zikanizoea. Ila kuna mahali ulinipoteza."

"Wapi huko?"

"Uliniambia nikiwa na tiketi ya haraka nisiguse treni ya polepole. Basi nikakaa kwenye benchi, ya polepole ikaja, ikasimama mbele yangu, nusu tupu. Mkaguzi akaniuliza, mzee, unangoja nini? Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika kofia. Kumbe tiketi ya haraka inakupandisha zote mbili. Ya polepole ndiyo haikupandishi ya haraka."

"Hata ile ya mwezi?"

"Hata ya mwezi. Mdogo wangu anayo. Siku akijisikia kutazama mashamba anapanda ya polepole, hakuna anayemuuliza."

"Leo Stesheni Masta kapotea njia," muuza vifungo akadakia kutoka barazani.

Fundi alipiga magoti akaanza kubana pindo la suruali kwa pini. Alijiona mjinga. Kitambaa cha mita tatu unaweza kukikatia gauni la mtoto. Cha mita moja humvishi mtu mzima hata ulie. Alijua hivyo tangu siku za kujifunza cherehani, na bado hakuliona kwenye tiketi. Lakini si ujinga uliomuuma. Kilichomuuma ni kwamba kwa miezi minane, Alhamisi baada ya Alhamisi, binti yake alisimama stesheni na treni zote mbili mbele yake, akachagua ile ya dakika chache.

"Aa, Fundi, umenichoma."

"Samahani, Mwalimu. Pini imeteleza."

Siku tatu zilizofuata zilikuwa mbaya. Alishona kola mbili za sare nje ndani, akazifumua, akaishona moja vilevile tena. Alimkasirikia binti, akamkasirikia mkwewe ambaye hakuhusika, akamkasirikia na aliyebuni treni. Kisha akageuka kumtetea binti: mtoto amechoka, kazi za maabara si mchezo. Kisha akajiuliza kama amechoshwa na kazi au amechoshwa na mama yake. Alipitia mazungumzo ya nyuma akitafuta ni wapi alimchosha. Labda ni zile habari za misiba. Nani anataka kusikia misiba ya mtaa mzima akitoka kazini? Akaapa kutotaja msiba tena.

"Si umuulize?" alisema muuza vifungo, aliyekuja kuleta zipu na kukuta zile kola. "Huyo ni mtoto wako, si afisa wa serikali."

"Nikimuuliza atapanda ya polepole kwa kunionea huruma."

"Na wewe si unataka apande?"

"Sitaki huruma. Nataka awe na hamu na mimi kama nilivyo na hamu naye."

Muuza vifungo alizigeuza zile kola kuziangalia. Aliweka zipu mezani, akarudi barazani kwake.

Alhamisi simu ililia saa kumi na mbili na nusu jioni, kule ikiwa saa kumi na moja na nusu, kama kawaida. Fundi alikuwa amepanga kuanza kwa kuzungukazunguka, lakini salamu zilipokwisha akajikuta ameshafika.

"Umepanda ipi leo?"

"Ya haraka, Mama. Kama siku zote."

"Hiyo tiketi yako inakuruhusu na ya polepole."

Kukawa kimya. Haikuwa handaki, handaki lilikuwa bado.

"Nani kakuambia?"

"Mwalimu mmoja aliyetoka huko. Mimi sikujua, nilidhani wamekufunga." Akavuta pumzi. "Sikulaumu, mwanangu. Ila nakuomba kitu. Panda ya polepole, hata Alhamisi moja kwa mwezi. Nina hamu na wewe. Dakika hizi hazitoshi, kila mara tunaishia kwenye bei ya kitambaa."

Alisikia magurudumu, na mtu akikohoa karibu na binti yake. Aliposema tena, binti alisema kwa ile sauti ya zamani.

"Mama, unajua nikishuka stesheni huwa nafanya nini?"

Fundi alifungua mdomo ajibu, akagundua hajui. Daftari lake lote liliishia stesheni. Miaka kumi na moja alikuwa akimfikisha binti yake pale na kumwacha, kana kwamba anaishi hapo na mizigo yake.

"Kuna basi," binti alisema. "Linaondoka saa kumi na mbili kamili za huku, na lingine ni saa moja. Treni ya haraka inaliwahi lile la kwanza. Ya polepole hailiwahi. Nikiipanda nafika nyumbani saa moja na robo, mtoto kalala. Baba yake Alhamisi ana zamu ya jioni, kwa hiyo mtoto yuko na mlezi. Nilikuwa namkuta kitandani na viatu miguuni. Kila Alhamisi. Nikadhani mlezi ni mvivu, nikamsema. Ndipo akaniambia kwamba siku hiyo mtoto anakaa mlangoni kuningoja. Hataki kula, hataki kuvuliwa viatu, anakaa tu pale kwenye zulia mpaka usingizi unamchukua. Tiketi hii niliiomba mwenyewe, Mama. Hawakunipa tu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Kwamba nimekata muda wako nikampa yeye? Nikiwa stesheni naiona ile ya polepole imesimama upande wa pili, milango wazi, nageuza uso. Unadhani mimi sina hamu na wewe?"

Fundi alikuwa akimwona mjukuu ambaye hajawahi kumpakata, mwenye miaka miwili tu, amekaa kwenye zulia akitazama mlango usiofunguka. Kungoja kule alikujua. Yeye alikuwa na kiti chake dirishani na mtoto ana zulia lake, na wote wawili walikuwa wakimngoja mtu mmoja, siku ileile, saa ileile.

"Mmefika wapi sasa?" aliuliza.

"Tumepita daraja."

"Wewe uko behewa la wapi?"

"La katikati."

"Nenda la mbele, si ndiko kwenye lango la kutokea? Simama mlangoni kabisa, ushuke wa kwanza. Na simu uitie ndani ya mkoba, usikimbie nayo mkononi ukaiangusha."

"Lakini Mama, bado tuna dakika tisa."

"Nazijua. Nenda, watu watakuziba njia."

"Mama."

"Nenda, mama. Kamvue mtoto viatu."

Alikata yeye. Tangu binti aondoke hakuwahi kuwa wa kwanza kukata simu ya Alhamisi. Alikaa pale dirishani na simu mapajani mpaka dakika zote tisa zikaisha, akilia kidogo, akimhimiza mtu asiyemsikia akimbie.