Shahidi Aliyekataa Kushuka

Hapa Mikelenge watakuambia mimi ni mkali na mbishi. Sawa, siwabishii. Lakini hakuna atakayekuambia mimi ni mwongo, na pombe siijui hata harufu yake. Basi nisikilize, kwa sababu haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, enzi za Wabelgiji.

Nilinunua gari kuukuu, kamyoneti ya kubebea mpunga, kwa mzungu mmoja mwenye karakana. Kwetu, mtu akinunua mbuzi humuuliza mwenye mbuzi mbele ya mashahidi kama mnyama ana kilema. Akificha, mbuzi anarudi kwake na ugomvi hakuna. Nami nikauliza vivyo hivyo, mbele ya shemeji zangu wawili.

"Bwana, mutuka hii iko na bubaya?"

Akacheka, akanipiga bega. "Haina kitu."

Kisha akanisogezea karatasi ya Kifaransa, nikabandika kidole gumba. Nani angenisomea? Na nani angengoja kusomewa, gari limepakwa rangi ya kijani, linang'aa? Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Safari za kwanza zilikuwa njema. Siku yenyewe tulikuwa tunatoka upande wa Pangi na mpunga, mke wangu, mama Sefu, amekaa mbele pamoja nami. Juu ya mteremko wa kivuko sheria ilikuwa moja: abiria wote wanashuka, wanatangulia kwa miguu, dereva anateremsha gari peke yake. Mama Sefu akasema miguu inamuuma, akaomba abaki. Nikamfokea mbele za watu. Akashuka, akaanza kutembea.

Nikatia gia. Kugeuka, naona mwanamke amekaa pale pale alipotoka mke wangu, kapu la mihogo mapajani. Nilidhani ni mmoja wa wale wa nyuma, mjanja anayekwepa kutembea.

"Mama, shuka. Wote wameshuka."

"Nilishukaka mara moja, baba," akasema, macho yake mbele. "Mutuka hii ikanikuta pale chini. Sishuki tena."

Wewe ungefanya nini? Mimi nilikanyaga breki. Pedali ikazama mpaka mwisho, kama nimekanyaga matope.

Gari likaanza kukimbia. Mbele yangu niliuona mgongo wa mama Sefu, anashuka polepole, hana habari. Nikapiga kelele, nikakata usukani kuelekea ukingo wa udongo. Gari lilijibamiza pale, lakini nyuma yake ikazunguka ikamkumba, ikamvunja mguu mahali pawili. Nilipotazama kiti cha pili, hakukuwa na mtu.

Wavushaji ndio walionieleza, tena kwa kunong'ona. Gari lile lile, kabla ya kupakwa rangi, lilishindwa kusimama pale pale na kumuua mama mmoja aliyekuwa na kapu la mihogo. Mwenye karakana alikuwepo siku hiyo, akaona. Fundi akaja akanionyesha bomba la breki: lilikuwa limepasuka zamani, likafungwa kitambaa na lami, rangi ya kijani ikapita juu.

Nikashtaki. Gari likavutwa kwa kamba hadi mbele ya mahakama liwe ushahidi. Mzungu akatoa karatasi yake. Ilisema nimelichukua gari jinsi lilivyo, pamoja na ubovu wake wote, na kidole changu kiko chini yake. Hakimu hakuwa mtu mbaya. Alimwambia karani anifasirie kwamba muuzaji akijua ubovu akauficha, karatasi ile haimkingi, gari litarudi kwake. Lakini nani anathibitisha kwamba alijua? Shemeji zangu walimsikia tu akisema haina kitu. Wavushaji walikuwa wamesimama mlangoni. Kila mmoja akaapa hajaona kitu. Waliogopa, na mpaka leo siwasalimii.

Nikatazama dirishani. Naapa kwa Mungu, yule mama wa mihogo alikuwa amekaa garini na kapu lake.

"Shahidi iko," nikasema. "Iko ndani ya mutuka."

Hakimu, zuzi kama tulivyowaita, akamtuma polisi. Akarudi ameshika kofia mkononi, jasho linamtoka.

"Iko mama moja, bwana zuzi. Anasema hashuki."

Hakimu akaenda dirishani mwenyewe. Aliporudi hakumtazama mtu. Akasema kwa sauti ndogo kwamba sheria inataka shahidi aingie na kuapa, na asiyeingia hayupo. Kesi ikaisha hivyo.

Gari liko uani kwangu mpaka leo. Wanunuzi walikuja, nikawaambia kila kitu, wakaenda zao. Mama Sefu anatembea kwa fimbo. Hajanilaumu hata siku moja, na hilo linaniuma kuliko kama angenitukana.

Wewe unayetaka gari la mkono wa pili, usibandike kidole kabla hujasomewa karatasi mpaka mstari wa mwisho. Anachokuahidi muuzaji kwa mdomo, akiandike. Mlaze fundi wako chini ya gari. Halafu nenda kwenye barabara lilikopita, uwaulize watu wa huko lilimfanya nani nini. Mimi niliwauliza nimechelewa, mke wangu akiwa amelala chini.