Chupa Mbili za Kristiana

Saa mbili asubuhi, upepo wa Ufipa bado unauma. Katika soko la Sumbawanga, Kristiana anapepeta ulezi. Mara mkono wa kulia unauacha ungo, unaelekea shingoni. Unaishia njiani. Anaushika tena ungo, anaubana kwa nguvu, anasali Salamu Maria moja taratibu, kisha anaendelea na kazi.

"Inawasha bado," anasema. "Ila sasa nauona mkono ukiondoka. Zamani nilikuwa nashtukia damu kwenye kucha."

Ana miaka 47. Alikuwa akipepeta nafaka kwenye ghala la ushirika, hadi wanunuzi binafsi walipoingia na malori yao miaka mitatu iliyopita. Ndipo akaanza kuuza unga wake mwenyewe.

Pumu ya ngozi anayo mwaka wa sita. Daktari alimpa dawa ya kupaka, akasema haiambukizi. Wanawake wenzake sokoni walisikia, wakaitikia. Lakini mchana, ugali ulipoiva, wao walizunguka sinia moja, yeye wakampakulia sahani yake. Hakuna aliyemtukana. Alikula amegeukia magunia.

Bertilla, muuguzi wa zahanati, ndiye aliyemuuliza anajikuna mara ngapi kwa siku. Hakujua. Akapewa chupa mbili, ya asubuhi na ya mchana. Kila akijikuna atie punje moja. Kristiana, mtu wa ulezi, akatia ulezi. Bertilla alipozitikisa chupa zile alicheka mpaka akakaa.

"Mama Flavian, hizi tutamaliza kuzihesabu Krismasi. Tia mahindi."

Mahindi yakawa 61 kwa siku, na karibu yote yalikuwa kwenye chupa ya mchana. Bertilla hakucheka tena. Alimuuliza kwa upole mchana huwa kuna nini. Kristiana akamweleza habari za sahani.

Wakakubaliana kwamba mkono ukianza safari, aushike ungo mpaka sala iishe, maana mwasho hupanda, lakini usipoufuata hushuka. Na akisubiri chakula, mikono iwe inamenya maharage.

Siku hizi punje ni 14 kwa siku.

Jana Redempta, muuza maharage wa meza ya pili, alimletea sahani kama kawaida. Ila alikuja na ya kwake pia, akaketi kando yake, akala.

"Sitaki pole," anasema Kristiana, akiutikisa ungo. "Nataka siku moja nile kwenye sinia lao, na mtu anigombeze: wewe, mboga unaimaliza."