Mluzi Chini ya Leso

Shangazi alitaka nitoe mashine yangu ya kusikia sikioni kabla wageni hawajafika. "Toa hiyo kitu. Watu wa Bungoma wakiiona watasema tumewaficha ugonjwa." Nikamuuliza, sasa anayetaka kuficha ni nani? Akaninunia. Nilikuwa nimemchoka mama huyo. Tangu nianze kuivaa, hakuwahi tena kukaa nami benchi moja kanisani.

Wageni walikuwa wanaleta mahari kwetu, nje kidogo ya Kitale, miaka ile simu za mkononi zilipoanza kuingia kila boma. Mchumba wangu alinijua nikiwa na mashine. Nilifundisha nasari Bungoma, naye alikuwa na duka la mbegu karibu na stendi. Nikimwegemea begani mashine ilipiga mluzi, maana ukiifunika hulia, na yeye alicheka akisema redio yangu imepoteza stesheni. Nilimpenda kwa hilo.

Kwetu, siku hiyo, msichana hufichwa. Yeye na wenzake hufunikwa leso kutoka kichwani mpaka miguuni, na mwanamume amtafute wake. Akikosea anatozwa faini, watu wanacheka. Tulisimama wanne. Leso ilipobana sikio langu, mashine ikaanza: mluzi mwembamba, usiokatika.

 Nikamsikia mama ya mchumba wangu akiuliza, "Ni nini hiyo inalia hapo?"

"Ni simu tu, mama," Shangazi akajibu upesi.

Viatu vya mchumba wangu vikaja kusimama mbele yangu. Niliviona kwa chini, vile vyeusi nilivyomsaidia kuchagua. Alijua ni mimi. Hakukuwa na mtu mwingine pale aliyeujua mluzi ule kama yeye. Alisimama kidogo, halafu viatu vikasogea, akamshika binamu yangu begani.

"Ni huyu."

Kicheko kikalipuka, faini ikaitishwa. Yeye aliitoa bila kubishana hata kidogo, na mwanamume yule hubishania hata bei ya sukuma wiki. Nikaivua leso. Hakuniangalia. Mama yake ndiye aliyeniangalia, sikioni.

Mzee wetu akasema, "Si ajaribu tena, bana."

 Nilimwambia mzee hakuna kujaribu tena. "Huyu masikio yake ni mazima. Amesikia, na amechagua. Mpeni huyo aliyemshika."