Simu ya Kilima cha Pili

Asubuhi ile Barasa alinigombeza kwenye simu kwa sababu ya chai. Nilikuwa nimempelekea birika isiyo na sukari, na kwa mtu wa Bungoma hiyo ni adhabu ya kijeshi.

"Kazungu, wewe mchoyo kweli, bana. Leo nakusomea pembe za uongo, mizinga ipige samaki!"

"Piga tu, tutapata kitoweo," nikamjibu.

Tulikuwa askari wa mizinga, tumetumwa kulinda mji wa bandari ulio mbali na kwetu. Mizinga yenyewe ilikaa nyuma ya ukuta, bahari haiioni. Tuliokuwa tukiiona ni sisi wa vilima viwili: mimi na meza yangu Kilima cha Kwanza, Barasa na koplo mmoja Kilima cha Pili, kule mwisho wa rasi. Kila dakika ikitimia, vilima vyote vinaelekeza darubini kwenye mashua ile ile na kusoma pembe, zile digrii za uelekeo wake. Barasa ananitajia yake kwa simu, nami navuta nyuzi mbili juu ya ramani. Zinapokutana, ndipo mashua ilipo. Uzi mmoja haukuambii kitu. "Bila mimi nyinyi ni vipofu," Barasa alipenda kusema, na haki ya kuringa alikuwa nayo.

Saa nne hivi mafundi wakaleta kipimo kipya cha leza. Kifaa kimoja tu, kinapima umbali chenyewe na kuupeleka moja kwa moja kwenye mizinga. Nyuzi basi, kilima cha pili basi. Kapteni wetu akakipigapiga mgongoni kama ng'ombe wa mnadani. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Tukacheka sote, nami nikiwemo, maana zile nyuzi zilikuwa zimenichosha macho. Waya wa kukiunganisha ulipopungua, mafundi wakachomoa ule wa simu ya Barasa. Gari lingeenda kumchukua baada ya chakula.

Mashua za adui zilikuja kabla ya chakula.

Tatu, za mbio, zimejaa watu na silaha.

"Afande, Barasa bado yuko kule."

"Kwani hajashuka?"

"Nani amemwambia?"

Akageukia kipimo. Nikaikamata simu, nikaita jina lake mara mbili kabla ya kukumbuka waya. Nikaomba gari. Barabara ya rasi ilikuwa wazi kwa risasi, nikakatazwa.

Kipimo kilifanya kazi. Siwezi kukisingizia. Mashua ya kwanza ilizama kwa kombora la pili, jambo ambalo nyuzi zangu hazikuwahi kulifanya, na watu wakashangilia.

Mashua ya pili ilikuwa imeshafika chini ya rasi. Ikakipiga kilima.

Moshi ulipopungua, paa la kituo halikuwepo.

Mashua zilizobaki zilipokimbia tukatoka; koplo tulimkuta njiani, mguu umevunjika. Alisema Barasa aliona simu haijibu, akasema, "Wananisikia hao, ni kazi tu imewazidi." Akaendelea kusoma pembe, dakika kwa dakika, ndani ya simu iliyochomolewa waya. Kilima kilipoanza kupigwa alimfukuza koplo ashuke. Yeye mwenyewe alikataa. "Nikitoka, Kazungu atabaki na uzi mmoja."

Masikini Barasa. Nyuzi zangu zilikuwa zimeshakunjwa, ziko chini ya meza.

Miaka imepita. Siku hizi mimi ni mlinzi kwenye jengo moja refu la West Bay, hapa Doha, Qatar. Mwaka huu Nekesa, dada yake Barasa, naye amekuja kufanya kazi ya unesi, akanipata kupitia Wakenya wa kanisani. Ijumaa moja alinitembelea mtaani kwangu, Al Mansoura. Wenzangu wa chumbani wakatoka kutupisha. Alikuja na karak ya moto, chai ya maziwa ya huku, vikombe viwili, akaniuliza kama sukari inatosha. Loo! Nililia hata kabla hajakaa.

Alinisubiri. Kisha akasema, "Kaka, kwenye mazishi mkubwa mmoja wa jeshi alituambia pembe za Barasa ndizo zilizozamisha ile mashua. Mama anaishi kwa maneno hayo. Nimekuja kukuuliza wewe uliyekuwepo. Ni kweli?"

Nilitazama kikombe. Kumdanganya ilikuwa rahisi. Lakini dada wa watu alikuwa amepanda mabasi mawili kwenye jua la Doha ili asikie kwa mtu aliyemjua.

Nikamsimulia yote. Nikamwambia pia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Koplo alikuwa anaikumbuka pembe ya mwisho aliyoisikia kabla ya kushuka. Baada ya mazishi nilitoa nyuzi zangu, nikavuta ule wa Barasa juu ya ramani, nikaweka alama pale kipimo kilipoonyesha mashua ya pili ilikuwa dakika ile.

"Ukapita wapi?" Nekesa akauliza.

"Juu ya alama kabisa. Na alikuwa anapigwa makombora, dada."

"Kwa hiyo alisoma sawasawa."

"Sawasawa."

"Lakini pembe zake hazikufika."

"Hazikufika. Na hata zingefika, hakuna aliyezihitaji."

Karak ilikuwa imepoa. Akaimwaga, akachukua vikombe vyote viwili, akachomeka kimoja ndani ya kingine, akafunga mkoba wake.

"Mama nitampelekea hiyo kwamba alisoma sawasawa," akasema. "Hiyo nyingine tubaki nayo mimi na wewe."