Shampeni Iliyosimamishwa Kabatini

Siku yangu ya kwanza katika nyumba ya wageni ya kampuni ya chai, Njombe, msimamizi wa nyumba alinikabidhi aproni, kitambaa cha kufutia glasi na ufunguo wa stoo. Akanipeleka hadi rafu ya chini kabisa. "Mama Tumaini, hii ni shampeni. Aliiacha meneja mzungu. Itunze kama jicho lako."

Chupa nzito, ya kijani kibichi, imelazwa gizani, na kwenye lebo umeandikwa mwaka. Msimamizi akanieleza kwamba shampeni ya kawaida huchanganywa mvinyo wa miaka mbalimbali, lakini hii ilitoka kwenye mavuno ya mwaka mmoja tu, mwaka ambao zabibu zilikubali kwelikweli. Hulazwa ili mvinyo uloweshe kizibo. Kizibo kikikauka, gesi inatoka, hewa inaingia. Kwa baridi yetu hatukuhitaji hata friji. Nami, binti wa wakulima wa Matembwe, niliipenda chupa ile, sikatai. Kila Jumamosi niliifuta vumbi bila kuigeuza.

Msimamizi alipostaafu nikashika nafasi yake. Ndipo akaja Meneja Mkuu mpya kutoka Dar. Huyu bwana! Wiki ya kwanza tu akaitoa chupa stoo, akaisimamisha kwenye kabati la kioo sebuleni, juu ya kitambaa cha kufuma, mkabala na dirisha, eti wageni wausome mwaka.

"Bosi, itaharibika. Inatakiwa ilale, tena gizani."

Akacheka mbele ya madereva. "Wewe unayejua pombe yenu ya mianzi, ulanzi, leo unifundishe mimi shampeni?"

Mwaka uliofuata nikamwambia tena. Akanijibu nishughulike na chapati. Miaka sita chupa ikapigwa jua la dirishani!

Ubinafsishaji ukafika. Mwekezaji akaja kukabidhiwa kampuni, na sote tulijua siku ile ndiyo angeamua abaki na nani. Mimi nilikuwa mjane, watoto watatu shuleni. Meneja Mkuu akaagiza chupa ifunguliwe. Nikalegeza waya unaobana kizibo, nikazungusha chupa taratibu. Kizibo kikatoka kimya, kimesinyaa. Povu hakuna. Rangi ni ya chai iliyolala. Mwekezaji akaonja, akairudisha glasi mezani.

"Nani anatunza vinywaji hapa?"

Meneja Mkuu akaninyooshea kidole. "Huyu mama. Hawa tunawafundisha, hawasikii."

Mshenzi mkubwa! Kwenye orodha ya waliobaki jina langu halikusomwa. Nikamalizia kazi Makambako, nikipika kwenye hoteli ya mzee mmoja Mwislamu, msafirishaji, aliyenisikiliza kila nilipomwambia nyama imechacha. Sasa nimepumzika.

Vijana mnaniuliza kama bado namchukia yule meneja. Namchukia, tena sana. Lakini hasira kubwa zaidi ninayo juu yangu mwenyewe. Siku ile mbele ya mwekezaji watu wote walikuwa wananitazama, ukweli nilikuwa nao mdomoni, nami nikapiga goti nikasema, "Nisameheni, wazee."